Adrian Atiman, Daktari na Katekista wa Karema

Katika kalenda ya Kanisa, siku mbili za mwezi wa Februari zimekaa karibu sana, na waamini wengi huzipita bila kuzitazama pamoja. Tarehe 8 tunamkumbuka Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Darfur aliyetekwa akiwa mtoto na kuuzwa mara kadhaa kabla ya kuupata uhuru wake huko Italia. Tarehe 11, siku ya Bikira Maria wa Lourdes, ni Siku ya Wagonjwa Duniani, iliyowekwa na Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992. Ipo katika ardhi hii ya Tanzania habari ya mtu ambaye siku hizo zote mbili zinamhusu, kwa kuwa alitekwa na kuuzwa kama Bakhita, na baadaye akatumia miaka sitini na saba ya maisha yake kitandani pa wagonjwa. Mtu huyo ni Adrian Atiman, daktari na katekista wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Kilichotufanya tumkumbuke mwaka huu ni jambo dogo lililotokea hapa kwetu Shishiyu. Mama mmoja mtu mzima, ambaye lugha yake ni Kisukuma na Kiswahili hukisema kwa kupapasa, alipelekwa na mjukuu wake kutibiwa. Alipoulizwa anaumwa nini, aliitaja ng'holo, na mjukuu akatafsiri kwamba bibi anaumwa moyo. Mhudumu kijana, mgeni wa sehemu hizi, akaandika hivyo hivyo. Ndugu walipoyasikia maneno hayo wakaingiwa na hofu, maana ugonjwa wa moyo si neno la mchezo, na tayari walikuwa wameanza kuhesabu nauli ya kwenda hospitali kubwa. Ndipo muuguzi mwenye umri zaidi akamwendea mama yule, akamwamkia kwa heshima, akamwita mayu, kisha akamwomba aweke kidole kimoja tu mahali penye maumivu. Mama akakiweka katikati, pale mbavu zinapoachana, juu ya kitovu. Hapo pana jina lake katika Kiswahili: chembe cha moyo. Nyuma yake kuna tumbo la chakula, na ndilo lililokuwa likiuma.

Tulikaa tukilifikiri jambo hilo. Kati ya moyo na chembe cha moyo ni upana wa viganja viwili, lakini hofu iliyoingia katika familia ile ilitokana na upana huo huo. Nasi tukamkumbuka Atiman, ambaye alijifunza majina ya mwili katika lugha za Ulaya, akayatumia kati ya watu waliokuwa na majina yao wenyewe.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, karibu na mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi tuiitayo leo Mali. Akiwa bado mtoto wa kucheza, alinyakuliwa na wateka watumwa, akapelekwa kaskazini kuvuka jangwa la Sahara. Wengi waliovushwa jangwa hilo hawakuliona pwa la mwisho la mchanga wake; waliachwa njiani kwa kiu na uchovu. Yeye alifika akiwa hai hadi Metlili, katika Algeria, akawa mali ya mtu.

Inafaa kusimama hapa kidogo. Soko la watumwa nalo lilikuwa na elimu yake ya mwili. Mnunuzi alimfungua mtu kinywa akayatazama meno, akambonyeza mabega, akamwamuru atembee ili apime magoti na nyonga, akamgusa tumbo, akamkagua macho kama yana ukungu. Kila kiungo kilikuwa na thamani yake, na mtu mzima alikuwa jumla ya thamani hizo. Mkono ule ule unaopapasa, mahali pale pale pa mwili, na swali linalofanana sana na la daktari: hapa pana nguvu, au pana udhaifu? Tofauti yote iko katika sababu ya kuuliza. Atiman aliyajua maswali hayo kwanza kwa upande wa yule anayekaguliwa.

Mwaka 1876 Mapadre Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walimkomboa kwa fedha. Shirika hilo lilikuwa changa. Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, alikuwa amelianzisha mwaka 1868. Mtoto akapelekwa kwenye nyumba yao, akafundishwa kusoma, akafundishwa dini, akabatizwa na kupewa jina la Adrian.

Lavigerie alikuwa na wazo ambalo wakati ule liliwashangaza wengi, hata baadhi ya watu wake. Aliona kwamba Afrika ingehubiriwa na Waafrika wenyewe, na kwamba mtu angefika mbali zaidi akiwa na dawa mkononi kuliko akiwa na kitabu peke yake. Padre mgeni aweza kukataliwa mlangoni. Mganga hukaribishwa hata usiku wa manane. Basi akakusudia kuwaelimisha vijana waliokombolewa utumwani, wawe madaktari kamili na wakati huo huo makatekista, waoe, waishi kati ya watu kama watu. Mwaka 1881 alifungua nyumba kwa ajili yao katika kisiwa cha Malta, ili wasome udaktari katika Chuo Kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmoja wa vijana hao.

Malta haikuchaguliwa ovyo. Ni kisiwa kilichoko kati ya Afrika na Ulaya, na watu wake ni Wakatoliki tangu zamani sana. Tena ndicho kisiwa ambako Mtume Paulo alitupwa na bahari merikebu yake ilipovunjika, na ambako, kama Matendo ya Mitume yasimuliavyo, alimponya baba yake Publio aliyekuwa na homa na kuhara damu. Baadaye Shirika la Mtakatifu Yohane wa Yerusalemu lilijenga katika mji wa Valletta hospitali iliyojulikana Ulaya nzima, na wanashirika walikuwa na desturi ya kuwaita wagonjwa maskini mabwana zao. Ndani ya hospitali hiyo, mwaka 1676, mkuu wa shirika, Nicolas Cotoner, alianzisha shule ya anatomia na upasuaji. Chuo Kikuu cha Malta ni mrithi wa kazi hiyo. Kwa hiyo kijana wa Tundurma aliyekuwa ameuzwa jangwani aliingia katika mapokeo ya elimu yaliyokuwa na miaka mia mbili.

Wasomaji wetu ambao watoto wao wanasomea uuguzi au utabibu watakuwa wamewaona wakikariri kurasa nyingi za majina. Anatomia ndiyo lango la udaktari, na lango hilo ni jembamba. Jambo la kwanza analoelezwa mwanafunzi ni namna ya kuusimamisha mwili katika mawazo yake. Mwili huchukuliwa kuwa umesimama wima, uso mbele, mikono imening'inia ubavuni, na viganja vimegeuzwa mbele. Kila neno la mbele na nyuma, juu na chini, ndani na nje, hupimwa kwa mkao huo, hata kama mgonjwa amelala kifudifudi. Na kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwa anayemtazama. Sharti hilo la mwisho huonekana jepesi mpaka mtu asimame mbele ya mwenzake ajaribu. Watumikiaji wetu wa altare wanaujua mkanganyiko huo: ukiwaambia wakiwa wanatazama waamini wageukie kulia, nusu yao watakwenda upande wa pili. Kanisani kosa hilo huzaa tabasamu. Katika chumba cha upasuaji huweza kumtoa mtu figo iliyo nzima.

Kisha huja majina yenyewe. Mengi ni ya Kilatini na Kigiriki, nayo husikika kama maneno mazito ya siri. Lakini ukiyafungua, ndani yake unakuta vyombo vya jikoni. Wazee wa Roma walipoutazama mfupa wa bega unaounganisha kidari na bega, waliuita ufunguo mdogo. Mfupa wa muundi waliuita kwa jina la filimbi. Pango la nyonga ambamo kichwa cha mfupa wa paja hukaa na kuzunguka waliliita kibakuli cha siki. Na kile kifuniko cha goti kinachochezacheza ukikigusa, wao walikiita kisahani.

Nasi Waswahili tulifanya vivyo hivyo bila kuwauliza Warumi. Kifuniko hicho cha goti tunakiita pia ya goti, kwa kuwa mtu wa kwanza kukitazama alikumbuka pia aliyoichezesha utotoni. Sahani tuliiweka mahali pengine: bapa la mfupa lililo nyuma ya bega ni kombe la mkono, na kombe ni sahani kubwa ya kupakulia. Mfupa ule wa ufunguo ni mtulinga. Mguu una shavu lake nyuma, na ugoko mbele, pale ambapo kila mtoto wa Shishiyu ana kovu la kujikwaa. Tusione basi kwamba lugha za wenzetu ndizo za elimu na zetu ni za mitaani. Zote zilianza na mtu aliyetazama mwili na kutafuta mfano wa kitu alichokijua nyumbani.

Mkanganyiko ule wa mama wa Shishiyu nao si wetu peke yetu. Wagiriki walitumia neno lao la moyo kuitaja pia sehemu ya juu ya tumbo la chakula, na mpaka leo madaktari wa dunia nzima huuita mlango wa juu wa tumbo kwa neno hilo hilo la Kigiriki. Anayesumbuliwa na kiungulia, kwa mataifa mengi, husemekana kwamba moyo wake unaungua. Yaelekea mwanadamu popote alipo amesikia moto ukimpanda pale chembeni akadhani ni moyo.

Pengine sehemu ya mwili inayohitaji majina kuliko zote ni tumbo. Katika usemi wa kila siku tumbo huanzia chini ya mbavu na kuishia kwenye kinena, na mtu akisema anaumwa tumbo amesema kidogo sana. Madaktari wa karne ya 19 walikuwa na njia ambayo bado inafundishwa: huchora kwa mawazo mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala, na tumbo hugawanyika katika vyumba tisa. Juu katikati ni chembe cha moyo. Kulia kwake, chini ya mbavu, ni makao ya ini. Kushoto kwake ni makao ya wengu, ambalo wengine huliita bandama. Katikati kabisa ni kitovu, na pande zake mbili ni ubavu unaoelekea kiunoni, ambako nyuma kabisa hukaa figo. Chini katikati, juu ya mfupa wa kinena, ni kibofu, na kwa mwanamke pia tumbo la uzazi. Chini kulia na chini kushoto ni vyumba viwili vya mwisho, na kile cha kulia ndicho chenye kidole tumbo.

Mtu aweza kuuliza ni faida gani kugawa hivyo. Chukua mfano wa kidole tumbo kinapovimba. Mara nyingi maumivu huanza karibu na kitovu, yakiwa hayana mahali dhahiri, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia na kukaa hapo. Mgonjwa asiyeulizwa vizuri atasema tu tumbo. Anayeulizwa yalipoanza na yalipohamia ameshataja ugonjwa wake bila kujua. Na homa ya malaria inayorudiarudia huvimbisha wengu. Daktari aliyeweka vidole chini ya mbavu za kushoto na kumwambia mtoto avute pumzi, akausikia ukingo mgumu ukishuka kugonga vidole vyake, alikuwa amepata habari kubwa hata pasipo darubini. Katika nchi za maziwa zilizojaa mbu, na katika miaka ambayo vipimo vya maabara vilikuwa haba, vidole na majina sahihi ya mahali vilikuwa nusu ya hospitali.

Hayo ndiyo Atiman aliyoondoka nayo Malta mwaka 1888, alipomaliza masomo yake. Mwaka huo huo Papa Leo wa Kumi na Tatu alitoa waraka wake dhidi ya utumwa, na Kardinali Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya akihubiri juu ya maovu ya biashara hiyo. Daktari kijana hakubaki Ulaya kuonyeshwa kama ushahidi. Alijiunga na msafara wa wamisionari waliokuwa wakielekea bara la Afrika mashariki, akatembea kwa miguu majuma mengi, akafika Karema mwaka 1889.

Karema ilikuwa imejengwa miaka kumi nyuma, mwaka 1879, kama ngome ya Wabelgiji wa shirika la mfalme Leopold, na mwaka 1885 ilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Ilikuwa misioni, na pia ilikuwa kimbilio. Waliokaa humo walikuwa mchanganyiko wa watu: wenyeji Wabende na Wafipa, watu wa ng'ambo ya ziwa, na watoto na wanawake waliokombolewa kutoka katika misafara ya watumwa. Biashara hiyo ilikuwa bado hai kando ya ziwa. Aliyekuwa ameokolewa kwenye misafara ya Sahara akajikuta anawafunga vidonda waliookolewa kwenye misafara ya Tanganyika. Hatudhani kwamba alihitaji kuelezwa kovu la mnyororo kwenye shingo lilitokana na nini, au kwa nini vifundo vya miguu vya mtoto vilikuwa vimechubuka hadi kwenye mfupa.

Alikuwa amejifunza kwa lugha za Ulaya. Alikuwa mtu wa Niger. Na hapa aliwakuta wagonjwa waliotaja maumivu yao kwa Kibende, Kifipa, na Kiswahili cha misafara. Katika lugha zetu nyingi za Kibantu neno moja hubeba mahali papana. Mkono ni kutoka begani hadi ncha ya kidole, na mguu ni kutoka nyongani hadi unyayoni. Anayesema ameumia mkono hajasema kama ni kwapa, kiwiko, kifundo au kiganja. Daktari hana budi ama aulize zaidi, ama aguse. Tena kuna adabu. Zipo sehemu za mwili ambazo mtu mzima hazitaji mbele ya kijana, na mama hazitaji mbele ya mwanamume. Husema chini ya kitovu, au mbele, au nyuma, au husema tu kwamba hawezi kukaa. Atakayecheka au kuharakisha katika jambo hilo hataambiwa ukweli. Sisi wenyewe tumewaona wazee hapa waliobaki na ngiri kwa miaka mingi kwa sababu tu neno kinena lilikuwa zito mdomoni mbele ya muuguzi aliye sawa na mkwe.

Hapo wazo la Lavigerie lilionyesha nguvu yake. Atiman hakuwa mpita njia. Alioa hapo hapo Karema, mkewe akiwa Agnes Wansahira, binti wa Wabende, akawa mkwe wa watu na baba wa mtu. Walijaliwa mwana, Joseph, ambaye alipadrishwa mwaka 1923. Daktari aliyekuwa na shemeji na wakwe kijijini husikia mengi yasiyosemwa hospitalini. Hakuzidharau pia dawa za wenyeji; alizichunguza, akajifunza kwa waganga wa mitishamba kile kilichofaa, huku akiendelea na elimu aliyoipata Malta. Sifa yake ikaenea pande zote za ziwa, kwa Waafrika na kwa Wazungu, kwa Wakristo na wasio Wakristo.

Miaka mingi ya kazi yake haihitaji kusimuliwa mmoja mmoja. Askofu Adolphe Lechaptois aliliongoza Vikarieti la Tanganyika tangu 1891 hadi alipofariki mwaka 1917, na Karema ilikua ikawa kitovu cha Kanisa katika ukanda ule. Wajerumani waliitawala nchi, wakaondoka, Waingereza wakaja. Ndui ilikuja na kwenda. Malale iliwala watu wa kando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, na katika ugonjwa huo pia daktari alianza na mahali maalumu pa mwili: nyuma ya shingo, chini ya kisogo, ambako tezi huvimba mapema, hata kabla usingizi haujaanza kumlemea mtu. Vita ya kwanza ya dunia ilifika hadi kwenye maji ya Tanganyika. Katika yote hayo yeye alibaki mahali pale pale. Wamisionari waliomkuta wakiwa vijana walizeeka na kufa. Wengine walikuja, nao wakazeeka.

Kuna upande mmoja wa kazi yake ambao sisi, kama waamini, tungependa kuutazama kwa karibu. Atiman alikuwa katekista vilevile, na mara nyingi aliyekuwa akitibiwa naye ndiye aliyekuwa akifundishwa naye. Ilipoonekana kwamba dawa imefika mwisho wake, aliitwa padre. Nyakati hizo Mpako Mtakatifu uliitwa na wengi mpako wa mwisho, na padre alipaka mafuta mahali pengi: machoni, masikioni, puani, midomoni, mikononi na miguuni, kwa kuwa ni kwa milango hiyo mwanadamu huingiza na kutoa mema na mabaya. Katekista daktari aliyekaa kando ya kitanda aliona basi mwili ule ule ukipitiwa mara mbili, kwanza kwa vidole vinavyotafuta ugonjwa, kisha kwa kidole gumba chenye mafuta. Tangu mwaka 1972, kwa agizo la Mtakatifu Paulo wa Sita, mahali pa kupakwa ni paji la uso na mikono. Wagonjwa wetu huinyosha mikono yao viganja vikiwa juu, na mtu aliyesoma anatomia atatambua kwamba ni karibu mkao ule ule wa vitabuni.

Liturujia yetu, tukiitazama hivyo, ina ramani yake ya mwili ambayo mtoto huijua kabla hajajua kusoma. Maji ya Ubatizo humiminwa kichwani, mahali palipo na utosi. Kabla ya maji mafuta ya wakatekumeni hupakwa kifuani, na baadaye Krisma utosini. Askofu hupaka Krisma kwenye paji la uso katika Kipaimara, na majivu ya Kwaresima huwekwa kichwani. Ishara ya msalaba huanzia kwenye paji, hushuka kifuani, huenda bega la kushoto, kisha la kulia. Na makatekista wetu wote wanajua ni majuma mangapi hupita kabla ya watoto wadogo kuacha kuanza na la kulia, kwa sababu wanamwiga mwalimu aliyewaelekea.

Utosi, kwa kuwa tumeutaja, wauguzi wetu hawachoki kuwaambia kina mama wautazame. Kwa mtoto mchanga pana sehemu laini juu ya kichwa ambapo mifupa haijakutana. Mtoto anapohara au kutapika akapungukiwa maji, sehemu hiyo hubonyea. Hiyo ni dalili ya kumkimbiza kwenye matibabu bila kungoja asubuhi. Ikivimba na kukaza ilhali mtoto hana kilio, na ana homa, ni hatari ya namna nyingine, nayo haingoji pia. Bibi zetu waliujua utosi na walikuwa na dawa zao za kuupaka. Dawa hizo hazirudishi maji mwilini, lakini macho yao yalikuwa yameona mahali sahihi.

Katika uzee wake Atiman aliandika habari za maisha yake kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka 1946 zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ni jambo la nadra. Katika mamilioni ya watu waliouzwa kuvuka jangwa na bahari, ni wachache sana waliopata kalamu na nafasi ya kujisimulia.

Alifariki Karema mwaka 1956, akiwa na miaka ipatayo tisini. Mwaka huo huo, mbali sana na ziwa, Kanisa la kwetu nalo lilikuwa likibadilika: Shinyanga ilifanywa jimbo, na nchi ya Maswa ambamo Shishiyu imo ikawa sehemu yake. Mapadre wa shirika lile lile lililomkomboa Atiman walikuwa wamefika Usukuma zamani, Bukumbi mwaka 1883, miaka sita kabla yeye hajaiona Karema. Kwa hiyo babu zetu waliobatizwa wa kwanza na watu wa Karema walifundishwa na ndugu wa nyumba moja.

Mama yule wa Shishiyu amepata nafuu. Alipewa dawa za vidonda vya tumbo, akaambiwa aache pilipili na asikae na njaa hadi alasiri. Siku hizi mjukuu wake akimtafsiria husema chembe cha moyo, na yeye mwenyewe, ili pasiwe na kosa, huweka kidole.

Huko Sumbawanga, hospitali ya jimbo inaitwa kwa jina la Daktari Atiman. Wajawazito wa Ufipa hujifungulia humo, na watoto wao hupimwa utosi, kifua na urefu tangu kichwani hadi kisiginoni, kisha huandikwa kwenye kadi.